Sikai, Gari Linaunguruma

Sampuli ya kahawa ya kikundi cha mama ilirudi kijijini Izigo ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na karatasi yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza ulisifu ukavu wa kahawa na usafi wa punje. Wa pili ulisema kahawa ina harufu ya moshi, kwa hiyo mnunuzi hawezi kuipokea.

Mama alinisomea mistari hiyo kwa simu. Mimi ninaishi Bukoba mjini, ninaandika habari za redio, na nimezoea kusikia watu wakisoma mambo mazito kwa sauti ya kawaida. Yeye aliisoma kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni. Kisha akaanza kuisoma tena toka juu, na hapo nikajua ameumia.

Kikundi chao kilikuwa cha wanawake kumi na wawili. Kwa misimu mitatu walikuwa wakichuma kahawa nyekundu tu, tunda kwa tunda, na kuianika kwenye meza za wavu badala ya kuitandaza chini kama tulivyokuwa tukifanya sote. Walitaka kitu kimoja: kahawa yao iuzwe kama kahawa yao, isimwagwe ghalani kwenye lundo moja na ya kila mtu. Mnunuzi mmoja alikubali kuijaribu. Sasa alikuwa ameikataa, ila aliwapa nafasi ya pili: walete sampuli nyingine kabla msimu haujaisha. Ikikataliwa na hiyo, kahawa yao inakwenda kwenye lundo.

"Mwambie ni moshi wa Uganda!" Nilimsikia baba akipaza sauti nyuma ya mama. "Mwambie achungulie dirishani aone kama kisiwa kinaonekana!"

Nilichungulia. Kilikuwa kiangazi, na Kisiwa cha Musira, ambacho siku nyingine unakiona kama kimesogezwa ufukweni kwa mkono, kilikuwa doa la kijivu tu. Anga lote lilikuwa limefunga. Kwa hiyo baba hakuwa anabuni. Kila kiangazi moshi wa mbali hutufikia, na kila kiangazi watu wa Kagera hubishana umetoka wapi, wengi wakinyoosha kidole ng'ambo ya mpaka.

Baba alikuwa na sababu yake ya kuunyooshea kidole kwa nguvu zaidi. Ana lori kuukuu analoendesha mwenyewe. Hubeba ndizi na kahawa kutoka vibanja vya Izigo, mashamba yetu ya migomba na kahawa, hadi Bukoba, na ndilo lililotulisha na kutusomesha. Mwaka huo wakaguzi wa magari walikuwa wametangaza kwamba kila lori la mazao litapimwa moshi, na litakalozidisha halitapewa stika ya kutembea barabarani. Madereva wakaitwa mkutanoni mjini. Nilikwenda na kinasa sauti kwa ajili ya kazi, na baba alikwenda na shati lake la Jumapili.

Dereva mmoja kijana alianza: "Afande, hicho kipimo chako kinafika Kampala?"

"Kinafika kwenye ekzosi yako," mkaguzi akamjibu. "Huko kwingine tutaona."

Watu wakacheka. Kisha baba akasimama. Si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo yalimjia yakiwa yamejipanga.

"Afande, mimi ni mzee wa Izigo, nina lori moja. Kiangazi chote anga linafungwa, tunakohoa, hata ziwa hatulioni. Wenzetu wa ng'ambo wanachoma nyika zao, moshi wao unavuka mpaka bila kugongewa muhuri, na hakuna aliyewahi kuusimamisha uoneshe karatasi. Halafu mnakuja kunisimamisha mimi. Anzieni mpakani Mutukula, mkimaliza huko mnikute nyumbani. Nitakuwapo."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nami, nikiwa nimeshika kinasa sauti, nilijivuna. Nilirusha maneno yake kwenye taarifa ya habari kama yalivyo, na kufika kesho yake Izigo nzima ilikuwa inamwita Waziri wa Mazingira.

Lakini mtu aliyezoea kuandika habari hatulii na jibu la upande mmoja, hata kama upande huo ni wa baba yake. Nilimtafuta mtaalamu mmoja wa hali ya hewa ambaye huwa ananisaidia. Nikamuuliza waziwazi: moshi huu ni wa Uganda?

"Upo unaotoka huko," akasema. "Upo wa Rwanda, upo wa Burundi, na upo wa kwetu unaokwenda kwao. Ukivuka leo ukawauliza, watakuambia ni wa Tanzania." Akacheka. "Lakini nikuambie jambo moja. Moshi wa mbali unafika ukiwa umetawanyika. Unalala juu ya wote sawasawa. Haumchagui mtu."

Neno hilo la kuchagua lilinikaa. Kama moshi wa mbali ndio ulioharibu kahawa ya mama, basi ungekuwa umeharibu na ya watu wengine waliokaa chini ya anga lile lile. Na nilimjua mmoja. Mama mdogo, mdogo wake mama, anaishi Kaagya, upande wa kaskazini, karibu zaidi na mpaka kuliko sisi. Naye alikuwa na kikundi, naye alikuwa amepeleka sampuli kwa waonjaji wale wale walioipima ya mama, wiki hiyo hiyo.

Nilimkuta akipindua kahawa mezani kwa viganja. Nyumba yake iko ndani sana kwenye migomba. Pikipiki iliniacha barabarani nikatembea kipande kizima. Nilimuuliza majibu yake.

"Safi," akasema. "Wameandika kwamba haina dosari. Nimeitundika karatasi chumbani, nenda ukaione."

Nilikwenda nikaiona. Kisha nikamweleza ya mama na ya baba. Alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono.

"Kwa hiyo huo moshi wa Uganda umeruka juu ya bati langu," akasema, "ukapita Bukoba mjini na magorofa yake yote, ukaenda kumtafuta dada yangu Izigo? Ana kosa gani naye, maskini?"

Nilirudi nikiwa nacheka, lakini moyoni nilikuwa na kazi ngumu. Nilichokuwa ninakitafuta sasa kilikuwa Izigo, na huenda kilikuwa nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba baba nipande naye lori kwenye mzunguko wake. Alifurahi, alidhani ninakwenda kuandika habari nyingine ya Waziri. Mzunguko huo ni wa kupita nyumba hadi nyumba kukusanya ndizi na magunia. Hufanya hivyo mara mbili kwa wiki, na nyumba nyingi anazosimama ni za wanakikundi wa mama, kwa sababu ziko kando ya barabara.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza, maana kila mtu amekua nalo. Mgeni akishaketi katika nyumba ya Mhaya, hawezi kuondoka bila kula. Ukikataa chakula umeitukana nyumba. Dereva mwenye nyumba kumi na mbili za kupitia angekuwa na sahani kumi na mbili za kumaliza. Baba alikuwa amepata njia yake ya kujiokoa bila kumuudhi mtu: hazimi lori. Anaingia kinyumenyume hadi uani, ili magunia yasibebwe mbali, anashuka, anaacha injini ikinguruma, na kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo yeye ameshainua mikono:

"Sikai waitu, ndugu yangu, gari linaunguruma!"

Na mwenye nyumba anaelewa. Gari linaunguruma, hapo hakuna kosa la mtu. Basi hamkaribishi ndani, anamletea kahawa za kutafuna zilizofungwa katika ganda la mgomba, maana mgeni hawezi kuondoka mikono mitupu. Baba anapokea kwa mikono miwili, anatafuna akiwa amesimama, na wanaanza kuulizana. Mgonjwa anaendeleaje. Mtoto aliyekwenda Mwanza ameandika? Mnyauko wa migomba umefika hadi wapi. Nani amefiwa, na maziko ni lini.

Nyumba ya kwanza niliangalia saa. Dakika kumi na nne. Nyumba ya pili, ambako mama mwenye nyumba alikuwa na habari ya posa ya binti yake, dakika ishirini na mbili. Muda wote huo lori lilitetemeka uani likitoa moshi mweusi, na bomba la moshi lilikuwa limeelekea moja kwa moja kwenye meza za wavu, na juu ya meza kulikuwa na kahawa mbichi, nyekundu, yenye unyevu, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kukauka.

Niliandika kila nyumba na dakika zake. Mchana tulifika kwetu, na baba akaingia uani kinyumenyume, akashuka, akamwambia mama, mkewe wa miaka yote hiyo:

"Sikai, gari linaunguruma."

"Nimekuona," mama akasema, akampa kahawa za kutafuna.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, nilikuwa nimefunga vitambaa viwili vyeupe chini ya wavu wa meza zake. Kimoja kwenye meza ya uani, mbele, pale lori linaposimama. Kingine kwenye meza ya nyuma ya nyumba, ndani ya migomba. Mama aliniona nikifunga, akauliza ni vya nini, nikamweleza. Alikaza tu fundo la kile cha mbele kwa sababu nililifunga vibaya.

Jumapili baada ya misa tulikaa mezani kwa ndizi na samaki. Baba alikuwa mchangamfu. Kanisani watu walikuwa wamemwita Mheshimiwa. Nilingoja amalize kula, kisha nikaweka vitambaa vyote viwili mbele yake.

Kimoja kilikuwa cheupe chenye vumbi kidogo. Kingine kilikuwa na madoa meusi yaliyopakazika ukiyagusa.

"Hiki cha wapi?" akauliza.

"Cha meza ya mbele, Tata."

"Na hiki?"

"Cha nyuma, kwenye migomba."

"Na anga lilikuwa moja," mama akasema taratibu, akaendelea kukusanya sahani.

Nilimweleza ya Kaagya. Nikamsomea dakika, nyumba kwa nyumba. Alinisikiliza huku akitazama mlango.

"Mnataka kusema ni mimi."

Alikisukuma kando kitambaa chenye madoa.

"Lori hili limekusomesha, mwanangu. Kalamu hiyo unayoandikia dakika zangu, lori hili ndilo lililoinunua."

"Ndiyo, Tata."

"Lilimpeleka mama yako hospitali kumzaa mdogo wako, mvua inanyesha, hakuna gari lingine."

"Ndiyo, Tata."

Aliinuka akatoka. Tulisikia lori likiwaka, likinguruma kwa muda, kisha likazimwa. Sikumbuki kama niliwahi kulisikia likizimwa mchana namna ile. Mama aliacha kusugua sahani. Baba akarudi na leso yake nyeupe, ile anayokwenda nayo kanisani. Alikuwa ameishika kwenye mdomo wa bomba. Ilikuwa nyeusi kama imefutiwa sufuria ya kuni. Akaiweka mezani kando ya vitambaa vyangu.

"Ongeza na hiki kwenye habari yako," akasema. "Na kesho usiniamshe, nitakuwa nimeshakwenda kwa fundi."

Nimewahi kuwahoji wakubwa wengi. Mtu kujitafutia mwenyewe ushahidi wa kumwangusha, halafu akauleta kwa mkono wake, hilo nimeliona kwa baba tu.

Fundi wa Bukoba alimfahamu mara moja. "Waziri mwenyewe? Kumbe wizara inavuta sigara!" Alifungua nozeli za mafuta akazisafisha na kuzirekebisha, akabadilisha kichujio cha hewa ambacho baba alikiri hajui kiliwekwa mwaka gani. Kisha baba akaenda kwa wakaguzi bila kuitwa. Mara ya kwanza lori lilishindwa, akarudi kwa fundi. Mara ya pili lilipita. Nilikuwapo. Mkaguzi ni yule yule wa mkutanoni.

"Mzee wa Mutukula!" akasema akibandika stika. "Uganda wamepona?"

"Uganda bado wanachoma," baba akajibu. "Na bado nasema serikali yetu ikae nao wazungumze. Lakini wakija kuniuliza wa kwangu, sasa nina cha kuwaonesha."

Hayo niliyarusha hewani, naye akaniruhusu niseme na ya leso.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko injini. Kikundi kiliitwa kukutana uani kwa mama, wanawake kumi na wawili kwenye mikeka, na baba akasimama mbele yao. Aliwaambia kwamba kahawa yao aliiharibu yeye, kwa bomba lake, huku akitafuna kahawa walizompa. Aliomba radhi. Akasema kuanzia siku hiyo hata kama lori limetengenezwa na lina stika, haliingii tena uani likiwaka.

Kisha mkubwa wao kwa umri, bibi aliyenyooka mgongo kama msichana, akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo.

"Baba, ukizima gari, umekaa. Ukikaa, utakula. Utakula nyumba kumi na mbili kwa siku moja, na tumbo lenyewe ndilo hilo?"

Vicheko vilidumu. Mmoja akasema wamkamulie pia rubisi, pombe ya ndizi, ili asukumie chakula. Mwingine akasema ampitie yeye mwisho, kwa kuwa ana maharage mazuri na hataki yaliwe na mtu aliyeshiba. Lakini chini ya vicheko lilikuwapo jambo la kweli: hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari mgeni azime gari mlangoni kwake kisha aondoke bila kula. Walijadiliana kwa muda mrefu kuliko walivyojadili kitu kingine chochote msimu huo.

Walipatana hivi. Baba atasimama barabarani na kuzima. Watu wa kila nyumba watashusha magunia yao hadi barabarani. Na kila mzunguko atakula nyumba moja, kwa zamu, na zile nyumba nyingine zote zitajua kwamba siku hiyo amekula kwa niaba yao. Zamu iliandikwa kwenye daftari la kikundi, na mama akamwambia mbele ya wote kwamba suruali ataipanua mwenyewe.

Kahawa iliyokwisha kupata harufu ilimwagwa kwenye lundo la ghalani. Mama alibeba gunia lake la kwanza mwenyewe. Kisha wakarudi mashambani kuchuma upya matunda yaliyokuwa yameiva mwishoni, na kuanika upya, na kupindua, na kufunika kila jua linapozama.

Wiki ambayo kahawa ya sampuli ya pili ilikuwa ikikauka mezani, anga lilifunga kuliko wakati wowote wa kiangazi kile. Kutoka Bukoba kisiwa sikukiona kabisa. Kutoka Izigo jua lilikuwa jekundu mchana, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Baba alisimama mlangoni akilitazama, na nilijua anachowaza. Kama alikuwa sahihi tangu mwanzo, kama moshi wa mbali ndio mharibifu, basi kahawa hii nayo ingekataliwa, na aibu aliyojitwika ingekuwa ya bure. Lakini hakusema hivyo. Alisema tu, "Mama yenu amejitahidi."

Mama mwenyewe aliamua kwamba sampuli itoke kwenye meza ya mbele. Wenzake walimsihi achukue ya nyuma, kwenye migomba, iwe salama zaidi. Alikataa. Alisema kama ya mbele si safi, hawana haki ya kuuza hata ya nyuma.

Jibu lilikuja kwa simu kabla ya karatasi. Aliyempigia alisema kahawa ni safi, haina harufu, na mnunuzi anaichukua yote. Mama alimwomba arudie. Alirudia. Mama akamwomba arudie tena, mara hii akiwa ameweka simu kwenye spika ili baba naye asikie, na baba akainamisha kichwa kama mtu anayepokea baraka. Kisha mama akatoka uani, akasimama kati ya meza zake, na kwa sauti ya kuvuka vibanja viwili akawaita wenzake. Walikuja wakikimbia, wengine wamebeba majembe. Bibi yule alifika wa kwanza.

Siku ya kuchukua mzigo, mnunuzi alituma lori lake kutoka mjini, kubwa, jipya, lenye dereva mgeni ambaye hajui kwetu. Magunia ya kikundi yalikuwa yamepangwa uani, na meza zilikuwa na kahawa ya mwisho ya msimu. Tulilisikia likipanda kilima. Dereva aliuona ua, akaanza kugeuza aingie kinyumenyume.

Baba alikuwa ameshateremka barabarani. Alisimama katikati ya njia, mkono mmoja juu, hadi lori likasimama.

"Karibu sana," akamwambia dereva. "Zima hapo hapo."

"Mzee, nina haraka," dereva akasema kupitia dirishani. "Sikai. Napakia tu."

"Najua," baba akasema, akamfungulia mlango. "Zima, ushuke. Wali umeiva, na ndizi ziko mezani."